Tambi za nyama na uyoga bila krimu: mtindi, tui jepesi au supu?

Nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba, uyoga na mchuzi mzito juu ya tambi ni chakula chenye asili ya Urusi, kinachojulikana kwa jina la stroganoff. Mapishi yaliyochapishwa huko mwaka 1871 yalikuwa na nyama, haradali, supu na krimu chachu kidogo tu. Uyoga na kitunguu viliingia baadaye, na mazoea ya kukipakulia juu ya tambi yameenea zaidi kutoka Marekani. Krimu nyingi tunayokutana nayo hotelini leo si sharti la chakula chenyewe, kwa hiyo anayeipunguza hana haja ya kumtaka mtu radhi.

Sababu ya kuipunguza iko wazi. Kikombe kimoja cha mililita 250 cha krimu nzito yenye asilimia 35 ya mafuta kina karibu gramu 87 za mafuta, kabla hujahesabu siagi ya kukaangia. Jikoni mwa Mombasa viko vitu vitatu vinavyoweza kushika nafasi yake: mtindi, tui la pili la nazi, na supu ya mifupa iliyoshikwa kwa konflawa. Vyote vinafaa, lakini kila kimoja kina tabia yake motoni, na anayevibadilisha kiholela ndiye anayepakua mchuzi uliokatika.

## Tunalinganisha kwa lipi

Kwanza uzito, yaani mafuta na chumvi vinavyoingia sahanini. Pili ladha: chakula kitabaki na mwelekeo wake au kitageuka kingine? Tatu motoni, yaani vipimo, hatua na mahali panapoharibika. Nne kukaa, kwa sababu joto letu halisameheki na wengi hupika mchana wakala usiku. Tano kinamfaa nani.

Upatikanaji hautusumbui sana. Nazi zimejaa masoko ya Kongowea na Marikiti, mtindi uko kila duka lenye friji, na mifupa iko kwa kila muuza nyama. Kinachotafutwa zaidi ni uyoga. Ule mweupe wa duara hupenda baridi, hivyo mwingi hutoka bara na kufika Pwani ukiwa kwenye paketi. Kagua paketi kabla ya kulipa: ukiona matone ya maji ndani ya plastiki na vichwa vinateleza, uache. Uyoga mpana wa kijivu unaoota kwa vishada unafaa pia, na pengine unafaa zaidi kwa mchuzi wa nazi. Uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake na utupe kikonyo cha chini kilicho kigumu. Uyoga wa kuokota porini baada ya mvua usiingie chungu hiki kabisa.

## Msingi ambao haubadiliki

Wepesi wa chakula hiki haumo kwenye mchuzi peke yake, na hapo ndipo wengi hupotea. Mtu huondoa krimu kisha akapakua mlima wa tambi na kukaanga nyama kwa nusu kikombe cha mafuta. Gramu 100 za tambi kavu zina takriban kalori 350. Ukishuka hadi gramu 60 kwa mtu, umepunguza kalori 140 bila kugusa ladha, na pengo linajazwa na uyoga, ambao zaidi ya sehemu tisa katika kumi zake ni maji.

Kwa watu wanne:

- nyama ya steki isiyo na mfupa, gramu 400
- uyoga, gramu 300
- kitunguu maji kikubwa 1, na thomu punje 3
- mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya mezani kwa kazi yote
- haradali kijiko 1 cha chai, paprika kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai
- tambi pana au spageti, gramu 240 zikiwa kavu
- kotmiri kiganja kimoja, na ndimu 1

Tambi nyembamba zile za kupikwa kwa sukari na iliki hazifai. Hunywa mchuzi wote ndani ya dakika tano na kugeuka uji.

Nyama. Nyama ya buchani kwetu mara nyingi huuzwa siku ileile ya kuchinjwa, haikupata siku za kulegea kwenye baridi, hivyo huwa ngumu kuliko ile inayodhaniwa na mapishi ya ng'ambo. Iweke kwenye friza dakika 30 hadi 40 ishike kidogo, kisha ikate vipande vya unene wa nusu sentimita kwa *kukingama* nyuzi. Ukikata kwa kufuata nyuzi, hakuna mchuzi utakaokuokoa. Kama si fileti, ipake kijiko 1 cha mezani cha papai bichi lililokwaruzwa, uiache dakika 20, si zaidi ya 30. Halafu ioshe na uikaushe kabisa kwa kitambaa. Kimeng'enya cha papai huzidi kufanya kazi kadiri nyama inavyopata moto, hivyo papai lililosahaulika juu ya nyama huifanya iwe kama kima kilichoiva kupita kiasi: nje imelegea kama uji, ndani ngumu.

Pasha kikaango hadi mafuta yaanze kucheza, tia nusu ya nyama, iache dakika moja bila kuigusa, geuza, dakika moja tena, itoe. Kisha nusu ya pili. Ukiimwaga yote mara moja kikaango hupoa, nyama hutoa maji, na badala ya kukaangika inachemka ikawa ya kijivu.

Uyoga. Ufute, au uusuuze upesi na uukaushe hapohapo kabla ya kupika. Uanze kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, moto wa juu. Baada ya dakika tatu au nne utatoa maji. Subiri yakauke ndipo utie kijiko kimoja cha mafuta na chumvi. Ukitanguliza mafuta utayaona yamenywewa yote na utashawishika kuongeza. Hapo mpango wa chakula chepesi umeisha. Uyoga uko tayari ukiwa na rangi ya kahawia ukingoni na umesinyaa hadi karibu nusu.

Utoe, kaanga kitunguu kwa yale mafuta yaliyobaki hadi kilainike, tia thomu na paprika kwa nusu dakika (paprika ikiungua ni chungu), na hapo ndipo njia zinapoachana.

Tambi zichemshwe kwenye maji mengi yenye chumvi, zitolewe dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi, na kikombe kimoja cha maji yake kiwekwe kando. Ndicho kitakachorekebisha mchuzi ukizidi uzito.

## Mtindi

Uzito. Gramu 250 za mtindi wa maziwa yasiyotolewa mafuta zina mafuta ya gramu 8 hadi 9 hivi, karibu sehemu moja ya kumi ya krimu. Protini inaongezeka juu yake. Jambo la kuangalia ni sukari: mitindi mingi ya madukani ni ya vanila au stroberi, na hata ule mweupe unaweza kuwa umetiwa sukari. Soma orodha ya viambato. Unaotakiwa ni maziwa na vijidudu vya kugandishia tu.

Ladha. Huu ndio unaokaribia zaidi asili ya Kirusi kwa sababu ya uchachu wake. Haradali hukaa vizuri humo, na paprika huupa rangi ya waridi hafifu. Usikamue ndimu kabla ya kuonja. Mara nyingi haihitajiki.

Motoni. Hapa ndipo pagumu. Protini za maziwa, zikiwa ndani ya uchachu na moto mkali, hushikana na kuacha maji pembeni: mtindi umekatika, umekuwa chembechembe. Hauna sumu, lakini haupendezi kwa mgeni. Wanga na upole wa moto ndivyo vinavyozuia:

1. Mimina mililita 200 za supu kwenye kitunguu, tia haradali, chemsha.
2. Koroga vijiko 2 vya chai vya konflawa kwa maji baridi kidogo, tia, chemsha dakika moja hadi mchuzi ushike.
3. Rudisha uyoga na nyama pamoja na maji yaliyochuruzika kwenye sahani ya nyama. Dakika moja tu.
4. Ondoa kikaango motoni. Subiri dakika mbili.
5. Mtindi uwe umetolewa kwenye friji mapema. Upige kwenye bakuli hadi uwe laini, tia upawa mmoja wa mchuzi wa moto, koroga, upawa wa pili, koroga. Kisha mimina bakuli lote kikaangoni.
6. Kama umepoa, urudishe kwenye moto mdogo kabisa huku ukikoroga. Ukiona povu la kwanza ukingoni, umechelewa kidogo, ondoa.

Anayetumia jiko la makaa atoe sufuria kabisa, aiweke sakafuni au mezani. Makaa hayana kitufe, na "moto umepungua" kwa macho bado ni moto wa kukata mtindi.

Maziwa mala yanaweza kushika nafasi ya mtindi lakini ni mepesi mno. Chukua nusu lita, uichuje kwa kitambaa safi ndani ya friji saa moja au mbili, utumie kilichobaki juu.

Mchuzi ukikatika, toa nyama na uyoga, saga mchuzi kwenye blenda na kijiko cha chai cha konflawa kilichokorogwa, upashe polepole. Utalainika, ingawa hautarudi kuwa kama ule uliofaulu.

Kukaa. Dhaifu. Ukipashwa mara ya pili hukatika, na ukigandishwa kwenye friza unatoka maji. Anayetaka kupika mapema aishie hatua ya tatu, aweke friji, na atie mtindi wakati wa kula.

Kinamfaa nani. Anayekula hapohapo, anayetaka protini zaidi, na anayependa uchachu. Mwenye tumbo lisilopatana na maziwa huenda akauvumilia mtindi kuliko maziwa mabichi, maana vijidudu hula sehemu ya sukari ya maziwa, si yote.

## Tui jepesi

Uzito. Tuseme ukweli hata kama ni wa nyumbani: tui la kasimile, lile zito la kwanza, si jepesi. Tui zito la kopo huwa na mafuta ya asilimia 17 hadi 20 au zaidi, na sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni yale ambayo wenye matatizo ya moyo huambiwa wayapunguze. Wepesi unapatikana kwa tui la pili, lile linalokamwa baada ya kasimile kutolewa na chicha, yaani machujo ya nazi, kutiwa maji ya vuguvugu tena. Nguvu ya mkono na wingi wa maji ndivyo vinavyoamua mafuta yaliyobaki. Kwa kopo, changanya mililita 150 za tui na 200 za maji. Hapo tui hilo litaingiza chunguni mafuta ya kama gramu 25 hadi 30.

Ladha. Hiki si chakula cha Kirusi tena. Utamu wa nazi hufunika haradali, kwa hiyo punguza haradali iwe nusu kijiko au uiache, ongeza pilipili manga na tangawizi ya kusagwa kijiko kimoja cha chai. Uyoga mpana wa vishada unakaa vizuri humu kama nyama laini ya pili. Usitie bizari ya mchuzi. Ukiitia utakuwa umepika mchuzi wa nazi wa kila siku na kumwaga juu ya tambi. Ni kitamu, lakini uyoga wa bei ile utakuwa umepotea bure.

Motoni. Mimina mililita 350 za tui la pili kwenye kitunguu na thomu, koroga bila kuacha mwiko hadi lianze kuchemka, punguza moto, liache bila kifuniko dakika nane hadi kumi lishike. Rudisha uyoga, kisha nyama, dakika mbili. Vijiko 3 vya mezani vya kasimile viingie mwisho kabisa, na moto uzimwe. Hapo unapata harufu ya nazi mbichi kwa mafuta machache, na hiyo ndiyo faida yote ya njia hii. Ndimu ikamuliwe sahanini.

Tui hukatika pia, kwa kuchemshwa kwa fujo likiwa limefunikwa au kwa kutiwa ndimu likiwa motoni. Tofauti na mtindi, likikatika linaonyesha mafuta juu tu, na watu wengi wa Pwani hawataona kosa. Kosa kubwa zaidi ni kulichemsha kwa haraka bila kulipa muda wa kushika, kisha mpishi akaongeza kasimile ili lizidi uzito. Hapo ameirudisha krimu kwa mlango wa nyuma.

Kukaa. Linapashwa tena vizuri kwa moto mdogo na kukorogwa. Lakini chakula cha nazi huchacha upesi nje ya friji.

Kinamfaa nani. Asiyetumia maziwa kabisa, mwenye wageni wanaopenda ladha ya nyumbani, na mwenye watoto wanaokataa uchachu. Hakimfai aliyeagizwa na daktari kupunguza mafuta ya aina hiyo.

## Supu na konflawa

Uzito. Ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa sharti moja: mafuta ya supu yaondolewe. Chemsha kilo moja ya mifupa kwa lita mbili za maji kwa saa tatu, au saa moja kwenye sufuria ya presha, ipoze, iweke friji usiku mmoja. Asubuhi mafuta yameganda juu kama kifuniko. Yatoe kwa kijiko. Mafuta yanayobaki ni yale ya kukaangia na ya nyama yenyewe tu. Hatari yake ni chumvi. Vidonge vya supu vya dukani na soya sosi vina chumvi nyingi, na mchuzi unapopungua motoni chumvi haipungui pamoja nao. Ukitumia kidonge, usitie chumvi nyingine popote.

Ladha. Nyeusi zaidi, ya nyama na uyoga hasa, bila ulaini wa maziwa. Mtu aliyezoea krimu atasema kuna kitu kimekosekana, na hajakosea. Dawa ni kusaga theluthi moja ya uyoga uliokwisha kukaangwa pamoja na kikombe cha supu hadi iwe laini, na kuirudisha chunguni. Mchuzi unapata mwili bila mafuta. Kijiko kimoja cha mezani cha soya sosi na kijiko kimoja cha chai cha rojo la ukwaju, vikitiwa mwishoni, vinamaliza kazi.

Motoni. Mililita 500 za supu, ichemke hadi ipungue kidogo. Konflawa vijiko 1½ vya mezani vikorogwe kwa maji *baridi*. Ukivitia moja kwa moja kwenye supu ya moto utapata mabonge. Mimina huku ukikoroga, chemsha dakika moja hadi mbili ili ladha ya unga mbichi iondoke. Usiendelee kuchemsha kwa muda mrefu baada ya hapo, hasa ukishatia ukwaju, maana wanga hulegea na mchuzi hurudi kuwa maji.

Faida yake kubwa ni kwamba haibagui nyama. Nyama ya mguu au ya shingo, ya bei nafuu, inapikwa kwenye sufuria ya presha dakika 25 pamoja na kitunguu, na maji yake ndiyo supu. Papai halihitajiki, wala kukata kwa ustadi.

Kukaa. Imara kwa siku mbili za friji. Kwenye friza mchuzi wa konflawa huachia maji. Gandisha supu na nyama peke yake, uushike kwa konflawa siku ya kula.

Kinamfaa nani. Anayepikia watu wengi, mwenye nyama ngumu, asiyetumia maziwa wala nazi, na anayehesabu mafuta kwelikweli.

## Ukiwa katika hali gani uchague nini

Umepata fileti au steki laini, na mnakula mara tu inapoiva: mtindi. Nyama laini kwenye supu ya kuchemka ni hasara, na mtindi ndio unaodai muda mfupi zaidi motoni.

Nyama ni ya mchemsho na bajeti ni ndogo: supu, bila kusita. Punguza nyama hadi gramu 250 na uongeze uyoga hadi 400. Kwa kuwa nyama imechambuka, hakuna atakayeona pengo.

Ramadhani, unapika alasiri na watu wanafuturu magharibi: supu au tui. Kwa kuwa wengi hawaonji wakiwa wamefunga, pima chumvi kwa kijiko, nusu kijiko cha chai kwa chungu chote, na uweke ndimu na chumvi mezani. Anayetaka mtindi aumalizie wakati tende zinapita. Tambi zichemshwe mwisho kabisa, zisilale ndani ya mchuzi.

Unabeba chakula cha mchana kazini, Changamwe au mjini: supu, tambi kwenye kopo lake na mchuzi kwenye lake. Penye joto la zaidi ya nyuzi 32, chakula cha nyama kisikae nje ya friji zaidi ya saa moja. Kama ofisini hakuna friji, beba kikiwa cha moto sana kwenye chupa pana ya kuhifadhi joto, na ya nazi iache nyumbani.

Mezani kuna mgonjwa wa kisukari: mchuzi wowote kati ya hii, isipokuwa mtindi wenye sukari. Linalobadilika ni tambi. Ziwe gramu 40 hadi 50 kwa mtu, zisipikwe zikalegea, na nusu ya sahani iwe mchicha au kabeji iliyokaangwa kidogo.

Familia imegawanyika, mmoja hataki maziwa na mwingine hataki nazi: pika kwa supu hadi mwisho, gawa chungu mara mbili, na upande mmoja tia mtindi uliozoeshwa moto, kijiko 1 kikubwa kwa kila mtu.